Mwanya wa mama haumo kwenye picha hata moja

Jua la asubuhi limeshafika katikati ya chumba, na mpiga picha bado hajainua kamera. Amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza chini juu, mikono magotini, akiwatazama wateja wake wa kwanza: fundi viatu wa mtaa wa pili na mkewe. Nguo zao zimenyooshwa mpaka mikunjo ya pasi inahesabika. Wamesimama wima kama watu wanaosubiri kuhojiwa.

"Nyumbani huwa mnakaaje?" anawauliza.

Fundi viatu anamtazama mkewe. Mkewe anautazama ukuta.

"Tunakaa tu," anajibu fundi. "Kama watu."

"Mkiwa mnapiga soga, nani anakaa wapi?"

"Mama Pozi," mke anadakia, "mpiga picha si wewe? Dada yangu alikuja hapa ukamgeuza shingo mpaka akalala na maumivu, na picha akaisifia kwa kila mtu. Na mimi nimekuja nigeuzwe. Sasa unaniuliza mimi?"

Mpiga picha anacheka kidogo, halafu anainamisha kichwa. Jina hilo la Mama Pozi alipewa na majirani kwa sifa, zamani alipokuwa hodari wa kuwapanga watu kama vyombo kabatini. Siku hizi kila akiitwa hivyo anajisikia kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu. Ila hajawahi kumkataza mtu. Anasema anastahili.

Mwishowe fundi viatu na mkewe wanaanza kubishana kuhusu nani humwachia mwenzake kiti kizuri, na kamera inalia mara kadhaa. Wanapoonyeshwa kioo cha nyuma, mume amefumba jicho moja na mke amenyoosha kidole, mdomo wazi.

"Hii nayo ni picha?" mke anauliza.

"Ndivyo ulivyo!" mume anapasua kicheko. "Hapo ndipo ulipo, mke wangu, hujaongezwa wala kupunguzwa."

Mke anataka pia moja "ya watu wazima," wamesimama vizuri. Mama Pozi anawapiga na hiyo. Wakishaondoka anakaa tena kwenye ndoo, anazitazama zote mbili kwa muda mrefu.

"Hii ya kusimama ningeweza kuipiga nimefumba macho," anasema. "Hii nyingine sijui hata kama ni nzuri. Najifunza upya, na umri huu. Mtu akiniuliza nina uzoefu gani, naona aibu kujibu."

Mama Pozi hakusomea upigaji picha. Alikuwa mfagizi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, mahali panapotengenezwa kadi za harusi, risiti na kalenda. Kila mwisho wa mwaka kiwanda kilichapa kalenda yenye picha za mpiga picha mmoja maarufu, mzee ambaye watu wa mji mzima walimwita Mzee Kivuli.

Aliyewahi kuziona picha zake hazisahau. Nyeusi na nyeupe, mwanga unatoka upande mmoja tu, nusu ya uso iko wazi na nusu imezama gizani. Watu wake hawacheki. Wametulia, midomo imefungwa, macho yanatazama kitu ambacho wewe hukioni. Iliyovuma kuliko zote ni ya mwanamke mtu mzima aliyeshika tama kando ya dirisha.

Karatasi zilizoharibika mashineni zilikuwa za kutupwa, na mfagizi ndiye aliyezitupa. Hazikufika jalalani. Alizikunja vizuri, akaenda nazo nyumbani, akazibandika ukutani chumba chote, mpaka mumewe, ambaye ni fundi redio, akalalamika kwamba hawezi kubadilisha shati huku anatazamwa na watu wazito namna ile.

Lakini ni mumewe huyo huyo aliyemletea kamera ya kwanza. Mteja mmoja aliiacha itengenezwe, akahama mji, hakurudi tena.

"Sikuwa na mwalimu, nikamfanya Mzee Kivuli mwalimu bila yeye kujua," anasimulia. "Nilichukua rula nikapima kivuli cha pua kinaishia wapi kwenye shavu. Nilipima dirisha liko juu ya kichwa kiasi gani. Nilitundika blanketi la kijivu ukutani kwa sababu nyuma ya watu wake palikuwa pa kijivu. Kwenye kioo cha dirisha nikabandika karatasi nyeupe ya kuokea ili mwanga ulainike. Kila nikipiga, naweka yangu hapa na yake pale, natafuta tofauti. Tofauti yoyote nikiiona, nahesabu ni kosa langu."

Mtu wa kujifunzia alikuwa karibu. Mama yake mzazi aliishi nao, akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu katika chumba kilekile chenye dirisha.

Alikuwa mwanamke gani? Majirani wanalijibu swali hilo huku wameshaanza kucheka. Alikuwa na maneno. Alimpima mtoto kiuno akamwambia mzazi wake, "Hii suruali tuiache na nafasi, naona huyu atakuwa mbunge." Na alikuwa na mwanya, mpana, katikati ya meno ya juu, aliojivunia kama mtu mwingine anavyojivunia nyumba. Akicheka, na alicheka kutwa, mwanya ndio uliotangulia kuonekana.

Mbele ya kamera ya binti yake, hayo yote yalipigwa marufuku.

"Mama, tulia."

"Nimetulia."

"Funga mdomo. Shika shavu. Tazama nje."

"Nje kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Tazama tu kama mtu mwenye mawazo."

"Mawazo ya nini, na nimeshiba?" Hapo mama alishindwa kujizuia, akaangua kicheko, na kamera ikawa imeshalia. Binti akaguna kwa hasira. Picha imeharibika. Wakaanza upya.

Siku moja mama alishuka kwenye stuli, akajinyoosha kiuno, akasema kwa utani, "Mwanangu, mbona unanipiga kama nimeshakufa?" Wote wakacheka. Halafu akapanda tena stuli, akashika tama, akafunga mdomo, kwa sababu binti yake alimwomba.

Miaka ikaenda, mkono wa binti ukakomaa. Aliacha ufagio, akapanga chumba cha studio. Kodi ya chumba ililipwa na picha za pasipoti, kama ilivyo mpaka leo, lakini jina lilitokana na zile nyingine. Watu walikuja wakisema wazi wazi: tunataka kama za Mzee Kivuli, ila kwa bei ya mtaani kwetu. Naye akawapa. Akampiga muuza nyama akaonekana mwanafalsafa. Akampiga bibi harusi kando ya dirisha, uso nusu gizani, mpaka baba wa bibi harusi akauliza kwa sauti ya chini kama binti yake amelazimishwa.

"Nilimcheka yule baba," anasema Mama Pozi. "Nikajiambia, hajui sanaa. Kichwa kilikuwa kimevimba."

Kisha mama yake akaugua. Hakuugua muda mrefu. Walimpeleka hospitali akiwa anaongea, akimtania mkunga mmoja kwamba amekosea wodi, yeye hana mimba. Hakurudi.

Msibani, sebuleni, juu ya meza ndogo, binti aliweka picha kubwa ya marehemu ndani ya fremu. Alichagua aliyoiona bora kuliko zote alizowahi kupiga: mama ameshika tama kando ya dirisha, mdomo umefungwa, macho nje. Waombolezaji wawili watatu waliisifu kwa kunong'ona. Yeye mwenyewe, katikati ya majonzi, alijisikia fahari kidogo. Hilo nalo analisema, na akilisema anatazama sakafu.

Mama yake mdogo, mdogo wa marehemu kwa kufuatana, alifika jioni akitokea safari ndefu. Akaingia mlangoni na mkoba begani. Macho yake yakaangukia ile picha. Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, akawageukia wanawake waliokaa barazani.

"Samahani jamani," akasema, "nadhani nimekosea nyumba."

"Hujakosea," wakamwambia. "Ndiyo hapa."

"Sasa huyu ni nani?"

Binti akainuka, akamfuata. "Mama mdogo, ni mama."

Mama mdogo akasogea karibu na meza. Akainama, akaitazama picha kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akaigusa mahali palipo mdomo.

"Dada yangu huyu?" akasema. "Mwanya wake uko wapi?"

"Mama mdogo..."

"Nakuuliza. Mwanya wa dada yangu umeuweka wapi? Lini ulimwona dada yangu amenuna hivi? Alikukosea nini?"

Mama mdogo akaishika fremu kwa mikono miwili, akailaza kifudifudi mezani, akaenda kukaa na wenzake. Hakuna aliyethubutu kuiinua. Msiba ulimalizika picha ikiwa imelala hivyo hivyo.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Mama Pozi. "Lakini usifikiri niliona kosa langu. Siku ile niliona amenidhalilisha mbele za watu. Nikamwekea kinyongo."

Kinyongo hicho ndicho kilichompeleka kwa Mzee Kivuli. Hakuwahi kukutana naye hata mara moja. Miaka yote alimwogopa kama mtu anavyomwogopa mwenye shamba analochuma usiku. Sasa akapiga moyo konde, akaifunga fremu kwenye gazeti, akaulizia mpaka akaonyeshwa nyumba.

"Sikwenda kujifunza," anasema. "Nilikwenda nisifiwe. Nilitaka aniambie kwamba mama mdogo hajui picha."

Mzee alishaacha kazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kandambili mguu mmoja, macho yamefifia, anamenya viazi kwenye beseni. Alimkaribisha bila kumuuliza ametoka wapi. Mgeni akafungua gazeti, akampa fremu. Mzee akafuta mikono, akasogea nayo penye mwanga, akaiweka karibu na pua.

Uso wake ukachanua.

"Aah, huyu," akasema. "Huyu namkumbuka. Nilimpiga kabla studio haijahama. Umeipata wapi?"

Mama Pozi anakumbuka vizuri kilichompata wakati ule, na ndicho anachoona aibu zaidi kukieleza: alifurahi. Miaka yote ya rula na blanketi ilikuwa imelipwa. Mzee mwenyewe ameshindwa kutofautisha.

Kisha mzee akaongeza, "Anaendeleaje siku hizi?"

Furaha ikaishia hapo. Mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni mama yake alikuwa anamjulia hali. Na dada wa tumbo moja alikuwa amesimama mbele ya picha hiyo hiyo akadhani amekosea nyumba.

"Mzee," akasema, "hii si yako. Nimepiga mimi. Ni mama yangu, na amefariki."

Mzee Kivuli akaitazama tena. Hakukasirika. Alimpa pole, pole ya kweli, ya mtu mzima. Akamwomba amwonyeshe kamera aliyokuja nayo begani. Akaipokea, akaigeuza geuza, akabonyeza, ikalia mfululizo kama mvua inayoanza juu ya bati. Mzee akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Hii inaweza kumdaka nzi hewani," akasema. "Mama yako alikuwa mtu wa kununa?"

"Hapana. Alikuwa anacheka sana."

"Sasa mbona hapa hacheki?"

"Watu wako hawacheki, mzee. Nilifuata mtindo wako."

Hapo mzee akaanza kucheka mwenyewe, kwanza polepole, halafu mpaka akashika kifua. Alipotulia akamweleza, bila kujigamba wala kumsimanga.

Studio yake ya kwanza ilikuwa stoo yenye dirisha moja. Taa hakuwa nazo. Kamera yake ilikuwa nzito na ya polepole, filamu ilikuwa ghali. Mteja akicheka au akitikisika, anatoka na mdomo wa ukungu, na filamu imekwenda na maji. Basi aliwaambia watulie, wafunge mdomo, waegemeze shavu mkononi ili kichwa kisiyumbe. Kushika tama kote kule kulikuwa nguzo ya kichwa tu.

"Nikishabonyeza, wanacheka," mzee akasema. "Kila siku. Wanacheka kwa sababu wamechoka kutulia, na mimi nacheka nao. Nilikuwa naona uzuri unapita hivi hivi mbele yangu, siwezi kuushika. Baadaye watu wakaanza kuuita mtindo. Nikanyamaza, nani asiyependa sifa? Lakini wewe, binti yangu, una mashine hii. Ulimfungisha mama yako mdomo wa nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mama Pozi akaifunga tena fremu kwenye gazeti, akaaga.

Alirudi nyumbani, akafungua kompyuta, akaanza kutafuta. Kabrasha la picha za mama lilikuwa limejaa. Mama kushoto kwa dirisha, mama kulia kwa dirisha, mama na kitambaa kichwani, mama bila kitambaa. Alizipitia moja moja mpaka macho yakauma. Midomo yote imefungwa. Akarudia tena tangu mwanzo, akifikiri labda ameruka.

Hakuwa ameruka. Picha za kicheko zilikuwepo zamani, maana kila siku mama alishindwa kujizuia. Zilifutwa. Alizifuta yeye, palepale, kwenye kioo cha kamera, kabla mama hajamaliza kucheka, akiziita zilizoharibika.

"Kwa kidole hiki," anasema, akiuonyesha mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. "Hakuna mwizi aliyekuja. Hakuna maji yaliyoingia."

Alimuuliza mumewe, akawauliza majirani kama kuna aliyempiga mama kwa simu. Walitafuta kwa moyo mmoja. Hakupatikana hata mmoja. Kila mtu alitoa sababu ileile: nani angejisumbua kumpiga picha mama wa mpiga picha?

Kwa majuma kadhaa hakufungua studio isipokuwa kwa picha za pasipoti. Halafu akafanya jambo ambalo mumewe aliliona ni kichaa. Alianza kuwazungukia wateja wake wa zamani, nyumba kwa nyumba, akiwaomba warudi awapige upya bila malipo. Alikuwa anawaomba radhi, nao wengi hawakuelewa ni kwa lipi.

Bibi harusi yule alikubali, akaja na mtoto mgongoni. Muuza nyama alikataa katakata.

"Picha yangu usiiguse," alimwambia, kisu mkononi. "Tangu niitundike, shemeji zangu wananisalimia kwa heshima. Wanadhani nina mawazo. Unataka kuniharibia?"

Anapolisimulia hilo Mama Pozi anacheka, na ndipo mtu anapotambua kwamba na yeye anacheka vizuri. Lakini hakai muda kwenye kicheko. Kazi imekuwa ngumu. Picha zake za sasa, kwa maneno yake mwenyewe, ni mbaya: nyingine zimepinda, nyingine mwanga umezidi, nyingine mtu amekatwa sikio. Wateja wapya wanaokuja kwa sifa za zamani huondoka wakinong'ona. Mwezi uliopita pasipoti ndizo zilizomlisha.

"Nilikuwa najua kila kitu kuhusu dirisha," anasema. "Watu nilikuwa siwajui. Mtu akikaa pale, macho yangu yalikuwa yanamtafuta Mzee Kivuli ndani yake. Sasa sina wa kumtafuta. Namwona mtu mzima mzima amekaa mbele yangu, na sijui nibonyeze wakati gani."

Aliyebaki alikuwa mama mdogo. Tangu msiba walikuwa hawajasemezana. Juzi Mama Pozi alichukua simu, akaiweka, akaichukua tena, mwishowe akabonyeza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Leo kulikoni? Unanipigia simu, au unataka kunipiga picha?"

Alitaka kucheka, akajikuta analia. Akamwambia yote bila kupanga maneno: mzee na viazi vyake, kabrasha, kidole. Akamwambia, "Mama mdogo, siku ile ulisema kweli. Nilimnyamazisha mama miaka yote ile, na yeye alinyamaza kwa kunipenda. Nisamehe. Yeye siwezi kumwomba."

"Mimi nilikuaibisha mbele za watu," mama mdogo akasema. "Nilikuwa na uchungu. Maneno yale ningeweza kukuambia chumbani." Akapenga kamasi. "Jumapili nakuja. Andaa chakula cha maana, mimi si mgonjwa."

Jumapili hiyo ni keshokutwa. Mama Pozi ameshafua mapazia na kuliondoa lile blanketi la kijivu ukutani. Nyuma yake rangi ya ukuta imebaki mpya, kijani kibichi, na hakumbuki kama aliwahi kuichagua.

Mipango yake si mikubwa. Anataka kumkalisha mama mdogo jikoni, wamenye, wapike, wamzungumzie marehemu kuanzia utoto wao, mambo ambayo yeye hakuwahi kumuuliza mama kwa kuwa kila alipokaa mbele yake alimwambia anyamaze. Anataka kujua walikuwa wanagombania nini walipokuwa wadogo, na nani alianza kumtania nani.

Na kamera?

"Itakuwa kabatini," anasema. "Siku ya kwanza namsikiliza tu. Akipenda kurudi Jumapili nyingine, na nyingine, ipo siku ataniambia mwenyewe, 'We mtoto, hebu nipige.' Akisema hivyo nitaileta. Sitamwambia akae wapi."

Anainuka kutoka kwenye ndoo. Mteja wa pasipoti amegonga mlango, kijana wa kuomba kazi, shati limefungwa hadi kidevuni, uso umekazwa. Mama Pozi anamwonyesha kiti.

"Karibu, baba. Hii wanataka mdomo ufungwe, ndiyo sheria yao," anamwambia. "Lakini tukimaliza hiyo, kama huna haraka, ukae kidogo tuongee."